Athmani Chirau na Kijiti cha Oili

Assalamu alaikum, jamaa, majirani, na nyote mliofika hapa Vanga na matope miguuni. Mimi ni Mbarak, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na kabla sijaanza nakiri kwamba liko jambo moja nililoishi nalo bila kulielewa, nalo ni kwa nini kaka yangu alitembea miaka yote hii na kijiti cha kupimia oili ya trekta mfukoni mwa kanzu, sokoni, harusini, hata msikitini, na tundu lake kwenye trekta akaliziba kwa kipande cha mbao.

Marehemu Athmani Chirau alizaliwa Msambweni tarehe 9 Agosti 1962, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Chirau na Bi Kibibi, akasoma madrasa na shule ya msingi papo hapo hadi darasa la saba mwaka 1977, kisha akajifunza udereva na ufundi katika mashamba ya miwa, na Januari 2003 akaajiriwa na kikundi chetu cha wakulima cha kule Msambweni kuendesha trekta lao la pekee.

Tarehe 17 Desemba 1994 alimuoa Bi Muhsina hapa Vanga, wakajaaliwa Subira mwaka 1996, na baada ya kungoja sana, Alamin, tarehe 2 Machi 2011. Wakati huo Bi Muhsina alikuwa amerudi huku kwao kumuuguza mama yake, ambaye mpaka leo yuko kitandani, na makubaliano ya mume na mke yalikuwa kwamba msimu wa kulima ukiisha kaka atamfuata, atafute kazi huku, walale chini ya paa moja.

Kaka alikuja kwa akika ya Alamin, akamwachia trekta msaidizi wake, Swabir. Oili ya haidroliki, ile inayonyanyua jembe la plau, hupimwa trekta likiwa mahali tambarare, plau imeshushwa chini, injini imezimwa, kwa maana plau ikiwa juu sehemu ya oili huwa imepanda kuibeba, na kijiti huonyesha imepungua wakati haijapungua. Asubuhi hiyo Swabir alipima plau ikiwa juu, akaona pungufu, akaingia chini yake kutafuta panapovuja, pasipokuwapo, plau ikashuka, ikamkata vidole vya mguu wa kushoto. Kaka hakumlaumu hata siku moja, wala kwa utani. Alirudi kabla ya jua kuchwa, akachomoa kile kijiti, na tangu hapo hakuna aliyepima oili ile ila yeye.

Basi ikawa trekta halitoki mpaka kaka afike, na kaka haondoki kwa kuwa trekta halitoki bila yeye. Kila alipoaga, kamati ya kikundi ilimjia na maneno mazuri, ya kumwamini na kumheshimu, naye akatua tena mzigo wake wa nguo. Alikuja Vanga usiku mmoja mmoja, na Bi Muhsina, ambaye Mungu amempa ulimi mchangamfu, alikuwa akimpokea mlangoni kwa kumuuliza, "Leo mke mwenzangu amekuruhusu mpaka saa ngapi?" Kaka hucheka, na alfajiri hayuko. Wako wanaosema aliipenda sana kazi, wako wanaosema aliogopa mtu mwingine asiumie, na mimi niliyekaa naye nyumba moja nimeyaona yote mawili usoni mwake, na nimeona pia uso wa mtu aliyejifungia mlango kwa ndani asikumbuke ufunguo uko wapi.

Sukari ilimuanza mwaka 2021. Februari mwaka huu wa 2025 alipooza upande wa kulia, akawa hawezi kuondoka karibu na hospitali, na trekta likasimama msimu mzima, kwani kijiti kilikuwa chini ya mto wake na hakuna aliyethubutu kukiomba. Amefariki leo alfajiri, tarehe 11 Mei, nyumbani Msambweni, Subira akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomgeuza na kumuosha, na wakulima wenzetu, ambao kumtaka kwao hakukuwa na ubaya.

Asubuhi tuliketi kuamua alazwe wapi. Wazee walitaka Msambweni, kando ya wazazi wetu, na kamati ikaunga mkono. Subira akasema kwa adabu, "Shikamooni babu zangu. Baba amekaa kwenu vya kutosha." Tukaamua aje kwa mkewe. Gari la maiti likakataa njia ya Vanga kwa mvua hii, likabaki trekta. Subira akakitoa kijiti chini ya mto, akampa Swabir, ambaye hakuwa amepanda kiti cha trekta lile tangu siku ile. Swabir akalisogeza hadi mahali tambarare, akateremsha mikono ya kunyanyulia plau hadi chini, akazima, akangoja, akaondoa ile mbao, akapima. Oili ilikuwa kamili. Kijiti akakiacha mahali pake, akalileta jeneza hapa polepole, na trekta lile atarudi nalo yeye.

Kaka, umefika kwako, pumzika, hakuna atakayekuja kukuita alfajiri.