Macho ya Mpishi wa Misheni

Wafiwa wenzangu, leo mmesema nisimame na mimi. Sijui kuongea mbele za watu. Kazi yangu mnaijua, ni kuandika mabango ya maduka hapa Malangali. Nitasema kidogo.

Mke wangu alipofariki niliacha kazi. Brashi zikakaukia kwenye kopo. Ndugu zangu, kilichoniangusha zaidi si upweke. Uso wake ulianza kunitoka. Nilibaki na picha moja ya kitambulisho, amekodoa macho kwa sababu mpiga picha alimfokea asicheke. Alipokuwa hai alizoea kunitania: "Unajua herufi za maduka yote, mimi hata huniangalii." Nilikuwa nacheka.

Pale kwa mapadre kuna picha ya zamani ya rangi za mafuta, ya mama aliyekuwa mpishi wa misheni. Nikaomba niinakili, nijifunze, ili nije nimchore mke wangu. Sista mmoja akaniruhusu. "Njoo, ila tapentaini yako ya kuchanganyia rangi isinuke jikoni kwangu."

Mwandika mabango huanza na mstari mweusi, halafu anajaza rangi. Nikafanya hivyo. Yule mama akatoka kama tangazo la unga. Sista alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nikasogea karibu, nikaona kwenye uso ule hamna mstari hata mmoja. Chini ya weusi wa shavu kuna kijani, juu yake wekundu mwembamba, tabaka juu ya tabaka. Na kila tabaka unalisubiri likauke, na baridi yetu hii mnaijua. Kule kusubiri kulinisaidia. Nilikuwa na sababu ya kuamka, kunawa na kutoka. Niliirudia picha ile mpaka kope yake ya kushoto iliyolegea nikaijua kwa moyo.

Kisha nikamchora mke wangu. Nikazitundika zote mbili sebuleni, nakala ya mpishi na picha yake, nikaona nimeweza.

Mama mkwe akaja kutoka Namanyere kwa misa ya kumbukumbu. Nikamwamkia huku nimeinama, maana nimelelewa kwamba mama mkwe hatazamwi usoni. Akasimama mbele ya ukuta.

"Mkwe, hawa ni mtu na dada yake?"

"Hapana, mama. Yule ni mpishi wa misheni. Huyu ni mwanao."

"Mwanangu hakuwa na kope hiyo. Umemvika macho ya mpishi."

Nilitazama, nikaona ni kweli. Macho ya mtu nisiyemjua nilikuwa nayo mkononi. Ya mke wangu sikuwa nayo. Nikasogea niishushe ile picha.

"Iache," akasema. "Watu wote walisema amenifanana. Haya, nitazame."

"Mama, siwezi."

"Anayeheshimiwa si mimi? Basi mimi nimekuruhusu. Inua kichwa, baba, mwanga unaondoka."

Nikainua. Yalikuwa pale, ndugu zangu. Macho ya mke wangu, yamezungukwa na makunyanzi ambayo yeye hakuyafikia. Nikalia kama mtoto. Mama akaniambia, "Lia, lakini chora."

Alikaa kwangu mpaka macho niliyoyachora yakakauka kwenye kitambaa cha picha. Mdomo haukuwezekana, kwa sababu wa mama umeingia ndani kwa kukosa meno. Huo ilibidi niukumbuke mwenyewe, na mpaka leo sijaupata. Nimerudi kwenye mabango, nakula, nalala. Lakini ule mdomo naufuta na kuuanza upya.

Namshukuru Sista, na ninyi mlioniletea kuni na unga wakati sifungui mlango. Namshukuru mama, aliyeniazima uso wake. Ninachoweza kuwaachia ni hiki: mkifika nyumbani leo, yule atakayewafungulia mlango, mtazameni kwanza. Mtazameni anapocheka. Mimi natafuta kicheko hicho kwa brashi.