Ghislaine Pelchat na Majina ya Waliotangulia

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Ghislaine Pelchat anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2003. Hakuomba kupumzika. Macho yamemkatalia kazi, na daktari wa Québec amesema hayatapona.

Alijiunga na kituo chetu cha nasaba kama mpiga chapa, wakati kituo kilipokuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye baridi ya kugandisha wino. Haukupita muda akawa anasoma vitabu vya ubatizo na mazishi, kwa mwandiko wa mapadri wa enzi wafalme wa Ufaransa walipotawala Kanada, kama anayesoma gazeti. Wajukuu wa waliohamia viwanda vya Massachusetts, Marekani, walikuja kutafuta babu zao wakawakosa, kwa sababu askari wa zamani alikuwa na jina la ukoo na jina la kambini, na watoto wake waligawana: huyu akashika hili, yule lile. Bwana mmoja mwenye jina la kambini Vadeboncœur, yaani Nenda-kwa-Moyo-Mkunjufu, alinuna toka asubuhi hadi tulipofunga. "Huyu jina amelikodi," Ghislaine alininong'oneza, ikanibidi nitoke nje kucheka.

Lakini mimi nitamkumbuka zaidi kwa ajili ya Bi. Marie-Ange Caouette.

Mama huyu, mjane aliyekaribia miaka sabini, alikuja theluji ilipoanza kuyeyuka, akitaka kuwaandikia wajukuu habari za ukoo wao. Ghislaine akakuta vitabuni Marie-Ange wawili, baba mmoja, mama mmoja. Wa kwanza alizikwa kabla hajajua kutembea. Wa pili ndiye aliyeketi mbele yake. Zamani ilikuwa kawaida: mtoto akifa, anayefuata hupewa jina lake. Kawaida kwetu sisi tunaosoma tu.

"Kumbe nimevaa jina la marehemu," alisema Marie-Ange. "Mama hakuwahi kuniita Marie-Ange. Hata siku moja. Nilikuwa 'wewe' tu. Nilijua hanipendi. Hata mazishi yake sikwenda."

Wengine tungempa pole, tukamwita mgeni anayefuata. Ghislaine aliuliza kama kuna ndugu wa mama aliye hai. Yuko mmoja, Sista Philomène, anayetunzwa na masista wenzake karibu na Kamouraska. Jumapili iliyofuata tulikwenda watatu, mimi nikiendesha gari kwa sababu barabara ilikuwa bado na barafu.

"Mama mdogo, hivi mama alinichukia?"

"Mjinga wewe," bibi kizee alijibu. "Jina alilichagua baba yako. Mama yako alijaribu. Kila akifungua mdomo akuite, alimwona yule mwingine. Basi akaacha. Lakini ukishalala alikuwa anakaa kando yako, anasikiliza kama unapumua. Nilimkuta hivyo mara nyingi kabla sijaingia utawa, hata ulipokuwa msichana mkubwa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza lini, mwanangu?"

Marie-Ange alilia njia nzima. Ghislaine hakutafuta maneno ya faraja. Alikaa naye kiti cha nyuma, amemshika mkono, na mara kwa mara alilitaja jina lake polepole, bila kuongeza kitu: Marie-Ange. Marie-Ange. Kabla ya kurudi nyumbani Marie-Ange aliomba tupitie makaburini. Alisimama kwenye theluji chafu mbele ya jiwe la mama yake mpaka miguu ikafa ganzi, nasi tukasimama naye. Majira ya baridi yaliyofuata alifariki. Kati yetu sote hapa kituoni, ni Ghislaine peke yake aliyekwenda kumzika.

Nafasi ya Ghislaine kazini haitajazwa. Tumeambiwa hivyo.

Ghislaine, tangu mumeo Réjean afariki nyumba imekuwa kimya, na sasa hata kitabu hutaweza kusoma. Hatutajifanya hatujui. Tutakuja kwa zamu na supu ya njegere, tukusomee kwa sauti, na ukitusahihisha tutanyamaza. Asante kwa kazi yako, na kwa wote uliowaketisha ukawasikiliza. Tunakuombea siku za amani.

Normand Bellerive, kwa niaba ya wenzako