Mto wa Wilfred Nankivell

Wasikilizaji wapendwa, kaeni mkao wa kula. Hamtaamini. Kuna mtu alipanda kutoka chini ya bahari, mita arobaini, bila kifaa cha kupumulia. Akafika juu mzima. Nasema tena: mita arobaini, bila kifaa!

Jina lake Wilfred Nankivell, mzaliwa wa Newlyn, Cornwall, Uingereza. Amefariki Jumanne, miaka tisini na nane.

Mwaka 1943 Wilfred ana miaka kumi na tisa, fundi wa injini kwenye nyambizi Marlow. Asubuhi ya ukungu, pwani ya Uskoti, wanakunywa chai. Meli ya mizigo, ya upande wao wenyewe, ikawagonga. Maji yakaingia mbele. Walioko mbele hawakutoka. Nyambizi ikalala chini.

Nyuma wamebaki watu kumi na mmoja. Chifu Albert Ogden, mkuu wa mafundi, akafungua kabati la vifaa vya kupumulia. Akahesabu. Akarudia.

"Viko kumi. Kuna mjanja kahamisha kimoja?"



Wilfred anajua kipo wapi. Kitanda chake kilikuwa mbele, juu ya makombora, na mto wake ulikuwa mgumu kama tofali. Kile kifaa kina mfuko laini wa mpira. Akakichukua akafanya mto. Wiki tatu analalia pumzi ya mtu! Na sasa mbele kote ni maji.

Chifu akagawa, akamvalisha Wilfred cha kumi. Yeye shingo tupu.

"Na wewe, Chifu?" mmoja akauliza.

"Mimi nina mapafu ya fahali. Mke wangu analalamika kila nikikoroma. Fungulia maji!"

Ndivyo inavyofanyika, wasikilizaji. Mfuniko wa juu haufunguki mpaka chumba kijae maji. Unasimama, yanapanda. Magoti. Kiuno. Baridi ile!

Yalipofika kifuani, Wilfred akashindwa kuficha.

"Chifu, ni mimi. Nilikifanya mto."

Mtu mmoja akamtukana mama yake. Chifu akacheka.

"Nilijua, bwana mdogo. Nilikuona unalala kama kichanga. Nikasema nitakigombeza kitoto hiki Jumapili."

"Basi chukua hiki."

"Kaa nacho. Ni amri."

Wilfred akakivua, akamvika Chifu shingoni, akakaza mkanda.

"Nishtaki tukifika juu."

Chifu akamtazama. "Haya. Nisikilize, mkaidi wewe. Ukipanda usibane pumzi. Ukibana, mapafu yanapasuka. Puliza nje njia nzima, kama unapoza chai. Ukihisi imeisha, endelea kupuliza."

Mfuniko ukafunguka. Tisa wakatoka, mmoja mmoja. Wa kumi Wilfred, anapuliza. Mwili wote unamwambia bana, yeye anapuliza. Akaibuka kwenye ukungu, damu puani, wenzake wakamdaka.

Wakamngoja Chifu. Wakangoja sana.

Walitoka kumi, wasikilizaji. Kumi kati ya kumi na mmoja. Mwenye kifaa hakufika. Kwa nini, hakuna anayejua mpaka leo.

Binti yake Wilfred, Morwenna, amenitumia ujumbe wa sauti, ninao hapa kwenye simu. Anasema: "Baba hakulalia mto tena maisha yake yote. Hospitali walimwekea, akautupa chini. Juzi wazishi wamemlaza kwenye jeneza, kichwa juu ya kimto cheupe. Nikawaambia, samahani, toeni hicho. Nikakitoa mwenyewe."

Pole sana, Morwenna. Poleni ndugu wote wa Newlyn. Poleni na ninyi, ukoo wa Ogden, popote mlipo.

Sasa wewe unayenisikiliza, tulia kidogo. Kifaa kiko shingoni mwako, maji kifuani, na hakuna anayejua kuwa ni wewe. Ungesema?