Mama Mukagasana, Aliyetuketisha Chini ya Sirene

"Kituo cha Kyeshero kiliwashwa tena na wafanyabiashara. Mama Mukagasana alikuwa anapiga mashine na kumimina chai." Hayo aliyasema Citoyen Birindwa, mwenye depo za saruji na mjumbe wa komite yetu, mbele ya kikao kizima mwezi uliopita. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu mhusika alikuwa chumba cha pili, na kweli alikuwa anamimina chai.

Tumjibu hapa. Citoyenne Mukagasana, ambaye kwa padri na majirani ni Pascasie ingawa karatasi za serikali hazitaki majina ya ubatizo, anastaafu Ijumaa tarehe 30 Juni 1989. Amekuwa sekretere wa Umoja wetu wa Wafanyabiashara wa Goma tangu 1963. Chai yake ni nzuri. Lakini kituo hicho cha umeme hakikuwashwa na Citoyen Birindwa, wala na hotuba za komite. Kiliwashwa na mama huyu, na lango alilolifungua ndilo Birindwa anataka lifungwe mama akishaondoka.

Alizaliwa Masisi, binti wa mfugaji, akasoma kwa masista. Alipofika Goma alikuwa dactylo, mpiga mashine ya kuandika, pekee mjini aliyeweza kuandika barua ya Kifaransa huku akimkemea mtu kwa Kiswahili bila kukosea herufi. Mwaka 1974, maduka ya wageni yalipogawiwa, wenye maduka wapya walimjia wakiwa na funguo tu. Mmoja alikuwa amepewa duka la vitambaa, akauliza metre inaanzia upande gani. Mama hakumcheka mbele yake. Alimfundisha wiki nzima, na duka hilo liko wazi hadi leo, wakati mengine mengi yamekuwa nyumba za popo. Volkano ilipotapika Januari 1977, watu walikimbia na magodoro. Yeye alibeba mashine ya kuandika kichwani mpaka Kyeshero, akaiweka chini, kisha akarudi mjini kuuliza nani amebaki na muhuri wa Umoja.

Sasa tuje kwenye kituo. Wasomaji wanaikumbuka Agosti 1986, redio iliposema kwamba ziwa moja la Kameruni limetoa gesi na kuua watu usingizini. Hapa kwetu kila mchungaji anajua mazuku, hewa mbaya inayolala mabondeni na kuua mbuzi bila jeraha. Hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. Macho yote yaligeukia Kyeshero, kwenye kile kituo kidogo kinachovuta maji ya chini kabisa ya ziwa letu, kuyatoa gesi, na kuichoma ndani ya injini ili tupate umeme. Watu wakakiita kiwanda cha mazuku. Mwezi uliofuata kikafungwa.

Waliopiga makofi siku ile watuambie walishangilia nini. Kufunga kituo hakukupunguza gesi ya ziwa hata kidogo. Gesi ilibaki mahali pake. Kilichoondoka ni taa. Maternite, wanakozalia akina mama, ikarudia taa ya petroli. Vinu vya mahindi vya Mabanga vikanyamaza, na wenye machinjio wakawa wanauza nyama kabla ya saa sita au wanaitupa. Wahandisi walikuja, wakabadilisha bomba, wakafunga vipimo vya hewa na sirene ya hatari inayosikika hadi Katindo, wakaandika kwamba kituo kiko salama. Mkubwa wa serikali wa zone akasoma, akasema vema, lakini hataweka sahihi mpaka watu wa Kyeshero wenyewe wakubali, maana wao ndio wanaolala pale.

Komite ikaamua kuwashawishi. Jumamosi moja baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, watu wakiwa bado na majembe mikononi, rais wetu, Papa Namegabe, muuza vitenge na mtu mwema, alipanda juu ya sanduku mbele ya lango la kituo. Alieleza kila kitu vizuri. Alisema, "Sasa hivi mutasikia sirene. Ni ya kujaribu tu. Musiogope." Sirene ikalia. Wa kwanza kufika kwenye Land Rover yake alikuwa Papa Namegabe. Komite ikamfuata nyuma, na wengine wetu hatukuwa nyuma sana. Kofia yake ilibaki juu ya sanduku.

Mama Ernestine, muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ambaye nyumba yake inagusa ukuta wa kituo, aliiokota, akampelekea dirishani kwa gari.

"Shika kofia yako, Papa. Umekimbia muzuri kuliko vile umesema."

"Mama, ni mwili tu umeshituka."

"Na sisi tuko na mwili. Lakini gari yako iko na mafuta. Yetu ni miguu na batoto mugongoni. Mukikimbia, sisi tutabaki na nani?"

Kila mtu alilisikia swali hilo. Jumatatu yake, ndani ya komite, Citoyen Birindwa alishauri tuwaandikie wakubwa wa juu zaidi, Kyeshero walazimishwe, habari iishe. Mama Mukagasana, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika maneno hayo, aliacha kuandika.

"Citoyen, Ernestine hakuuliza mukubwa anasema nini. Aliuliza kama mutabaki. Hiyo ndiyo mujibu."

"Mama, wewe ni sekretere."

"Ndiyo. Na hiyo siandiki."

Hapo ndipo kituo kilipoanza kuwaka, kama mtu anataka kujua.

Alikwenda Kyeshero peke yake. Mama huyu hakuwa shujaa asiyejua woga. Aliingia kituoni mara nyingi, akauliza maswali mpaka fundi mkuu, Sebahire, akawa akimwona anajificha nyuma ya tangi. Alipotosheka yeye, alirudi kwa Ernestine na wenzake, wakakubaliana hivi: injini iwashwe siku moja ya majaribio, na siku hiyo wafanyabiashara wakae pale ukutani, na wake zao na watoto wao, tangu mwanzo hadi mwisho. Wakibaki, Kyeshero itakubali. Wakikimbia, habari imekwisha.

Komite nzima ikajikuta ina udhuru siku hiyo. Mmoja Bukavu, mwingine Butembo, wa tatu alikuwa na jino linalouma.

Basi mama akafanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa komite angethubutu. Binti yake Eugénie alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa waje nyumbani kwake Katindo kuleta ng'ombe wa mahari. Akahamisha sherehe. Akaipeleka Kyeshero, uwanja unaogusa ukuta wa kituo, siku ileile ya majaribio, na akawaalika wafanyabiashara wote na familia zao. Ni nani angekataa mahari ya mtoto wa sekretere wake wa miaka yote hiyo? Jino likapona.

Eugénie alimwambia mama yake maneno ambayo hayafai bulletin. Yanayofaa ni haya: "Mama, utaniozesha na sirene?" Na kutoka milimani Masisi, baba wa bwana harusi, Muzee Habarurema, ambaye mazuku yamewahi kumlia ndama, akatuma neno: "Ng'ombe zangu sitazitoa juu ya mazuku. Kama mama amechoka na ukwe, aseme." Posa ilikuwa ukingoni mwa kuvunjika. Mama Mukagasana hakubembeleza. Alimjibu mzee aje kwanza apime kwa njia yake.

Mzee akaja na mbuzi wa kamba, alfajiri, saa ambazo mazuku huwa mazito. Akamzungusha ukuta wote, akamshusha kila shimo na kila mtaro, huku fundi Sebahire akimfuata na vipimo vyake. Mbuzi alikula majani ya kila mahali, pamoja na maua ya kituo. Jua lilipopanda mzee akasema, "Mbuzi imekubali. Mimi ni nani nikatae?"

Siku ikafika, Machi mwaka jana. Papa Namegabe aliuliza apaki wapi.

"Juu kwenye barabara, Papa," mama akamwambia. "Leo tunashuka kwa miguu."

Tukashuka, tukaketi, migongo ukutani, watoto magotini. Ernestine na wanawake wa Kyeshero waliketi upande wa pili, hawatazami ng'ombe, wanatutazama sisi. Muzee Habarurema akasimama kuwasifu ng'ombe wa mahari kwa majina yao. Desturi ya kwetu iko wazi: mkwe akiwasifu ng'ombe, aliyeketi haondoki, hata mvua ikinyesha. Kuinuka ni kumwambia kwamba ng'ombe wake si kitu. Mama alilijua hilo alipompa Sebahire saa ya kupiga sirene.

Ikalia. Mzee alikuwa amefika kwa ng'ombe mwenye baka kwenye paji la uso, akaendelea naye, hakupandisha sauti wala hakuishusha. Papa Namegabe alitazama barabara. Alishika kiti kwa mikono miwili. Mke wake alimshika mkono. Hakuinuka yeye, hakuinuka mtu. Ukuta ukatetemeka kidogo, injini ikakohoa, ikashika, na taa ya lango ikawaka mchana kweupe. Mzee akafika ng'ombe wa mwisho.

"Nimemaliza," akasema. "Yule anayepiga kelele ndani, naye amemaliza?"

Tulicheka kama watu waliotolewa gerezani. Ernestine akavuka uwanja, akasimama mbele ya rais wetu.

"Papa, leo kofia imebaki kichwani."

"Ilitaka kwenda, mama. Nilishika kiti."

Kyeshero ikakubali, kwa sharti moja: kila Jumamosi baada ya salongo lango la kituo liwe wazi, kila mtu aingie, aulize, asome vipimo, na mfanyabiashara mmoja awe pale na familia yake. Tangu siku hiyo umeme haujakatika kwa sababu ya woga. Lakini tuseme ukweli wote: wafanyabiashara walikuja Jumamosi chache za mwanzo. Baada ya hapo aliyekuwa akiketi langoni kwa niaba yetu ni Mama Mukagasana. Sasa Citoyen Birindwa anasema kwa kuwa mama anastaafu, lango lifungwe, wanaoaminika wameshaaminiwa. Si kweli. Aliyeaminiwa ni mama mmoja, na anakwenda nyumbani.

Mama Pascasie, asante kwa barua zote ulizoandika na kwa ile moja uliyokataa. Nenda Masisi ukamwone mjukuu, lala mchana bila kuona haya, na mashine ya kuandika usiibebe tena kichwani. Maisha yawe mepesi kwako.

Na ninyi wajumbe wa komite, wewe Birindwa wa kwanza: mama anaondoka Ijumaa, na kesho yake ni Jumamosi. Baada ya salongo tunawataka langoni Kyeshero, na wake zenu na watoto wenu. Mama Ernestine atakuwa pale, atatazama. Magari myaache juu kwenye barabara.