Gari Linalokula Kidogo Mno

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha Pancha, fundi matairi, na birika la kahawa ni langu, kwa hiyo anayebisha hapa anabisha kwa hisani yangu. Mchana ule tulikuwa mimi, Pancha, Profesa, ambaye ualimu alistaafu lakini kufundisha hakustaafu, na Mguu Mzito, dereva. Mguu Mzito alikuwa anauza gari aliloachiwa na marehemu kaka yake, haibridi kubwa la kijivu, yale yanayotumia petroli na umeme. Mnunuzi, mama mmoja nesi, alikuwa ameondoka nalo peke yake kulijaribu. Liliondoka bila sauti hata chembe. Mimi gari lisilonguruma silipendi, kitu kinachokujia kimya kina lake jambo.

— Gari zima, unaliuza la nini? Pancha akamuuliza.

— Linakula mafuta kidogo mno.

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mguu Mzito hakucheka.

— Mguu wangu mnaujua, jamani. Nilipolishika mara ya kwanza lilikuwa linakunywa, acha tu. Siku hizi naweka mafuta leo, nasahau lini nitaweka tena. Kama enzi za kaka.

— Umejifunza, Profesa akasema. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Mtoto nani hapa, Profesa?

— Mguu! Ukiondoka, unakanyaga kidogo kidogo, mshale wa dashibodi ubaki kwenye kijani, umeme ukusukume. Ukiona taa nyekundu kule mbele, unaachia mapema. Gari linaserereka lenyewe, betri inajijaza. Ukisubiri mpaka mwisho ukakanyaga breki kwa hasira, mwendo wote huo umeutupa.

— Na upepo! Pancha akadakia. Tairi ikipungua upepo, mafuta yanakwenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo imeingiaje kwenye tairi? Profesa akauliza.

— Upepo ni mgeni. Wewe kunywa kahawa.

Mguu Mzito akatikisa kichwa, si hilo wala lile.

— Basi kompyuta, Pancha akaendelea. Gari lilikariri mguu wa marehemu. Wewe unakanyaga, lenyewe linakupuuza.

Profesa hakukubali kushindwa.

— Kompyuta gani! Ni betri. Kila breki aliyoikanyaga marehemu iliingia mle, haijaisha. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwa na haibridi. Kijana, wewe unatembelea breki za kaka yako.

Hapo hatukucheka sana. Mguu Mzito aliweka kikombe chini.

— Kuna sauti, akasema.

— Mkanda wa injini huo, Pancha akajibu.

— Mkanda hausemi "achia". Nikikaribia ule mteremko wa sokoni, naisikia. Kwa upole, kutoka nyuma. Mnakumbuka kaka akinifundisha alikuwa anakaa kiti cha nyuma, eti nikimwona uso nitababaika. "Achia, mdogo wangu." Naachia. Nikichelewa, anakohoa.

Kikohozi kile tulikijua. Kilikaa nasi kwenye benchi hili mwaka mzima kabla hakijamwondoa.

— Si heri? Pancha akajaribu utani. Kufa kufaana. Umepata mwalimu wa bure.

— Usinitanie, ndugu yangu. Nikilibakiza silali. Nikiliuza, nimemtoa kaka yangu kwa mtu asiyemjua. Nilishamzika mara moja, sina nguvu ya kumzika tena. Niambieni ni akili yangu tu, niliuze na roho yangu itulie.

Tungemwambia nini? Profesa alisema ni akili yake. Pancha akasema ni akili yake pamoja na mkanda. Mguu Mzito akanigeukia mimi, na mimi nikaapa kabisa kwamba marehemu amelala alipolala, nikammiminia kahawa nyingine. Nilimwona mabega yakimshuka. Akanywa.

Hatukulisikia gari likirudi. Tuliinua macho tu, tukalikuta limesimama mbele ya benchi, na nesi ameshusha kioo, uso wote tabasamu.

— Nalichukua! akasema. Sijawahi kuendesha nikatumia mafuta kidogo hivi. Lakini nanyi hamkunitendea haki. Mbona hamkuniambia kuna mwalimu? Nilijua niko peke yangu mpaka nilipofika mteremkoni.

Profesa alisogea kwenye benchi, kama anayempisha mtu akae.

— Mpole sana yule mzee, nesi akaendelea. Ila kile kifua chake akakipime, kikohozi kile si cha kuchezea. Sasa, nimshushe hapa, au ndiyo anakwenda na gari?

Pancha alikuwa anatazama matairi kama hajawahi kuona tairi. Mimi nilishika birika, nisijue nammiminia nani.

— Jamani! Nimeuliza tu, nimshushe hapa?

Mguu Mzito alikuwa ameshainuka, machozi yanamtiririka. Alikwenda hadi kwenye mlango wa nyuma, akashika kitasa, akasimama hivyo hivyo bila kuufungua.