Tumbo la Nyangi Halikuwa la Kukandwa

Bwana asifiwe! Mbona mnaitikia kama mnaumwa meno? Bwana asifiwe sana!

Mimi ni Magesa, fundi pikipiki hapa hapa Buhare. Mnanijua kwa utani, naona wengine mshaanza kucheka na sijasema kitu. Chekeni tu. Mchungaji kaniambia niwe mfupi, niseme mtoto kapona, nikae. Nitajaribu.

Ndugu zangu, nina binti anaitwa Nyangi. Yule pale kwa mama yake, anavuta kitambaa cha dada wa kwaya. Jina ni la bibi yangu aliyemzaa baba, ndiyo maana baba alikuwaga anamwita "mama". Tulikuwa tunaishi kwa baba, kijijini Mugeta, huku nakuja kwa kazi na ibada. Siku moja mke wangu Rhobi anamwogesha mtoto, akagusa kitu kigumu tumboni, upande wa kushoto, kama kiazi kimejificha.

Kwetu tumbo likivimba upande ule hakuna mjadala. Ni bandama! Unakandwa na samli. Ikigoma, unachanjwa chale na wembe juu ya uvimbe, unapakwa dawa nyeusi. Hata mimi ninazo, tumbo langu limekaa kama daftari la hesabu.

Basi shangazi yangu, dada wa baba, akawa anamkanda kila asubuhi. Mtoto analia mpaka sauti inakauka. Nikamwambia, "Shangazi, huyo siyo unga wa chapati." Akanijibu, "Nyamaza huko! Wewe nilikukanda ukapona, ndiyo maana leo una mdomo."

Halafu Nyangi akakojoa damu. Baba akasema ni kichocho. Nikamuuliza, "Baba, kichocho kinatoka ziwani, huyu anaogea kwenye karai, kakipata wapi?" Mimi na Rhobi tukampeleka Bunda, Bunda wakatutuma Musoma, akapigwa picha ya tumbo. Daktari akashtuka, "Nani anamkanda huyu mtoto? Acheni leo hii! Mtakipasua kilichomo ndani!"

Ndugu zangu, haikuwa bandama! Bandama ilikuwa imekaa zake haina kosa. Ulikuwa uvimbe kwenye figo. Daktari akasema unawapata watoto wadogo, wengine wanazaliwa na chanzo chake humo humo, wala hajarogwa na mtu. Inabidi twende Mwanza, apewe dawa, figo hiyo itolewe, abaki na moja.

Tukarudi Mugeta kuchukua nguo na kuaga. Tukakuta kikao. Baba, wajomba, shangazi na samli yake. Baba akasema mtoto haendi popote, kesho anakuja mzee wa kuchanja. "Mkimtoa figo, nani ataleta ng'ombe kwa msichana wa figo moja?"

Nikamwambia, "Baba, tangu lini wakwe wanahesabu figo?"

Hakuna aliyecheka. Nikasema tena, "Si huyu unamwitaga mama? Mama yako mzazi ungemwacha achanjwe mpaka afe?"

Akasimama. "Wewe Magesa! Ukitoka na huyo mtoto, usirudi hapa. Hata nikifa usije."

Nikaomba pale pale, macho wazi, maana ukifumba wanakunyang'anya mtoto. Nikasema Yesu, nipe miguu tu, mengine tutaongea huko mbele. Kabla sijasema amina, Rhobi kashambeba Nyangi begani, anatoka. Hajaaga mtu. Nikamfuata. Haleluya! Wokovu wangu ulikuwa huo, ndugu zangu, mgongo wa mke wangu unatoka getini.

Mwanza tulikaa sana. Nywele zote ziliisha. Waliompasua walisema uvimbe ulikuwa umeshaanza kuvuja kwa ndani, inawezekana ni kule kukandwa, ndiyo maana dawa zikawa kali na za muda mrefu. Mtoto anatapika, ananiuliza, "Baba, nimekosa nini?" Utani wangu wote uliniishia.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto wa kiume, ugonjwa ule ule. Mama yake alikuwa anafunga na kuomba, mimi simfikii hata kidogo. Mtoto akafa. Usije ukaniambia imani ya yule mama ilikuwa ndogo. Atakayesema hivyo tukutane nje.

Na nyie, samahani, mlikuwa wapi? Leo mnapiga vigelegele. Kule hakuja mtu.

Nyangi kapona, madaktari wanamwangalia tu kila tukiitwa. Nikamtumia baba salamu kwamba mama yako kapona. Akajibu, "Mama yangu alishazikwa."

Inauma, ndugu zangu. Namshukuru Mungu huku inauma, sijui kushukuru kwingine. Kama nawe umefukuzwa, mwamini Yesu, yeye hakai kwenye vikao vya namna ile. Mwamini, halafu mpeleke mtoto hospitali. Msikande! Msichanje!

Naona mchungaji ananionyesha saa. Namalizia. Kuna mama yuko humu, sikutaji, usiinamishe kichwa. Wakati wa sadaka khanga iliteleza nikaona tumbo la mtoto wako limevimba upande mmoja, na lina chale mbichi. Sijui ni nini, mimi fundi pikipiki. Labda ni bandama kweli. Akapimwe tu. Kama kuna mtu nyumbani amekukataza, leo utasema Magesa kakulazimisha, mimi kufukuzwa nimeshazoea.

Mchungaji, endelea na ibada. Rhobi, chukua mkoba. Na wewe mama, mbebe mtoto wako taratibu, usimbane tumbo. Twende.