Bi. Teenie wa Pai Aiaga Meli ya Lady Strathbran

Ifikapo tarehe 30 Septemba 1966, Bi. Christina Gilchrist anastaafu baada ya miaka thelathini na minane katika jiko la meli yetu, Lady Strathbran. Jina la Christina hulitumia mchungaji wake na daktari wa meno tu. Kwetu sisi ni Bi. Teenie, yaani “Kadogo”, jina alilopewa utotoni, kabla mabega yake hayajaanza kugombana na milango.

Alianza kwa kuosha vyombo mwaka 1928, meli za mvuke zenye magurudumu ya kupiga maji zilipokuwa zimejaa mtoni Clyde kama bata bwawani. Treni zilimwaga watu kutoka Glasgow, na kila meli ilitaka kuwa ya kwanza gatini. Manahodha waliokaa benchi moja kanisani Jumapili hawakusalimiana Jumatatu.

Bi. Teenie alipanda cheo haraka kwa sababu ya pai zake za kondoo, na kwa sababu ya mdomo wake. Wazee wetu wanakumbuka kwamba wanaume wetu walikuwa na ugonjwa wa kuwaaga wake zao kwa kusema, “Nashuka kidogo kutazama injini.” Baa, kwa bahati, ilikuwa jirani na injini. Siku moja mke mmoja alimuuliza Bi. Teenie kama amemwona mumewe. “Nimemwona, mama,” akajibu. “Anatazama injini ya tatu sasa, na povu limemjaa masharubuni.”

Lakini Bi. Teenie hatuwezi kumuaga bila kusimulia Jumamosi ile ya likizo ya Julai 1934. Mimi nilikuwa karani mgeni, na niliyaona kwa macho yangu.

Meli yenye magurudumu ubavuni ina tabia moja ya aibu. Abiria wakijazana upande mmoja, inainama, gurudumu la upande wa pili linatoka majini, nayo inageuka yenyewe, hata nahodha akiukumbatia usukani. Siku hiyo tulikuwa tumejaa pomoni, tunafukuzana bega kwa bega na meli pinzani, Duke of Kilfinan, kuelekea bandari ya Rothesay, ambako gatini ilibaki nafasi moja.

Fundi mmoja wa viatu akainama kushoto kwetu, akawapigia kelele abiria wa Duke: “Nyie! Hiyo ni meli au birika?”

“Birika letu linachemka!” wakajibu wa Duke. “Lenu mmelitoa makaburini?”

Basi, nani atakubali kutukanwa birika lake? Abiria wote wakakimbilia kushoto kujibu. Lady Strathbran ikalala, gurudumu la kulia likabaki linapiga hewa, na pua ya meli ikaanza kugeuka, taratibu lakini kwa nia, kuelekea mashua mbili za wanakwaya wa kanisa waliokuwa kwenye matembezi yao.

“Rudini kulia!” Nahodha McKechnie alipiga kelele mpaka kofia ikaruka. “Kulia, kondoo nyie!” Hakuna aliyegeuka. Kwenye mashua, wanakwaya walikuwa wameacha kuimba. Wenye makasia walipiga makasia, kila mmoja kwa upande wake, wasiende popote.

Nahodha akaudaka mrija wa kuongelea na jikoni. “Teenie! Wahamishe watu!”

“Niwapeleke wapi?”

“Kulia! Wote, mama, kabla hatujaiua kwaya!”

Bi. Teenie akashika kengele ya chakula, akatoa kichwa dirisha la kulia, akapaza sauti iliyosikika hadi Dunoon: “Pai za bure! Za moto! Huku kulia!”

Ndugu zangu, nimeona vita, lakini sijaona watu wakikimbia vile. Meli ikainuka, ikaupita usawa bila kusimama, ikalala kulia, ikaanza kugeukia majabali. Bi. Teenie akatoa kichwa dirisha la kushoto: “Na chai huku! Bila chai pai itawakaba!” Nusu wakarudi. Meli ikakaa sawa, ikawapita wanakwaya kwa upana wa kasia. Mawimbi yetu yaliwalowesha hadi shingoni, wakatuimbia zaburi kwa hasira.

Duke ilishafika zamani.

“Pai za bure?” Nahodha alimlalamikia baadaye. “Kampuni itaninyonga!”

“Waambie zilikuwa za jana,” akasema Bi. Teenie. Na kweli zilikuwa za jana.

Vita vilipokuja, meli ilichukuliwa kufagia mabomu baharini. Bi. Teenie akajitolea kwenda nayo, akisema fagio analo. Walimkatalia, akawapikia mabaharia huko Greenock. Amani iliporudi, abiria hawakurudi wote. Walinunua magari, wakapenda vivuko vya dizeli, kisha wakapanda ndege kwenda Hispania, ambako inasemekana mtu huogelea bila kupiga mayowe ya baridi. Moja baada ya nyingine, meli dada zetu zilivutwa kwenda kukatwa vyuma chakavu. Mwezi uliopita tulikwenda Dunoon na abiria kumi na mmoja na mbwa.

Sasa Lady Strathbran itafungwa kamba mjini iwe mgahawa. Bi. Teenie aliombwa akasimamie jiko. “Meli isiyokwenda popote,” alijibu, “ni nyumba yenye unyevu.”

Jumamosi iliyopita, safari yetu ya mwisho, tulipokaribia mlango mwembamba wa bahari nyuma ya kisiwa cha Bute, niligundua kwamba Bi. Teenie hajawahi kuuona. Siku zote tulipita pale saa ya chakula cha mchana. Nahodha wetu wa sasa, Baird, akapunguza mwendo, tukampandisha juu na aproni yake. Vilima vilikuwa vya zambarau, maji yametulia kama kioo.

Alishika ukingo wa meli kwa mikono miwili, akauliza: “Ndivyo palivyo siku zote?”

“Siku zote, Teenie.”

“Mmekuwa mkipita hapa miaka yote hii, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia!”

“Tulidhani unajua.”

“Ningejulia wapi? Kwenye sufuria?”

Akafuta macho, akasingizia moshi. Nahodha aligeuza meli, akatupitisha pale tena, na hakuna abiria aliyeuliza kwa nini tumechelewa.

Bi. Teenie anahamia Largs kwa dada yake. Bi. Teenie, asante mno kwa kutulisha, kutucheka na kutuweka sawa. Tunakuombea miaka mingi mizuri, dirisha linalotazama maji, na mtu mwingine wa kuchemsha chai.

Dugald Lamont,
Karani wa Meli